Mjadala: Kwa nini maskini akiandamana huchorwa mchafu na mvivu?

Mwenye mada (Kampemba, Lubumbashi, Kongo)

Ndugu zangu, naleta hoja hii na naomba tuijadili bila matusi.

Kuna katuni inazunguka kwenye simu za watu hapa mjini. Vijana wanaandamana kwa sababu ya bei ya unga. Wa mbele ana kitambi, kaptula imechanika nyuma, singlendi imekolea uchafu, na mkononi ameshika simu kubwa ya kisasa. Bango lake limeandikwa TUNATAKA BUKARI, yaani ugali, na herufi moja imekaa kichwa chini miguu juu. Mwenzake amelalia ngoma, anakoroma. Pembeni mbwa ameziba pua kwa mguu.

Nilicheka, sikatai. Kisha nikatafuta bei ya unga katika mchoro ule nikaikosa. Hamna mfuko, hamna muuzaji, hamna mpaka wa Kasumbalesa wala lori hata moja la mahindi kutoka Zambia, hamna mtu aliyeamua chochote. Wamo wanaonuka tu.

Sisemi mwandamanaji asichekwe. Nasema michoro ya namna hii hubadilisha swali kinyemela. Mtu anauliza mbona mali ya nchi inaishia kwa wachache, mchoraji anamjibu: wewe umeoga lini? Baada ya hapo kila anayemtetea analazimika kuzungumzia sabuni.

Na si ugonjwa wa kwetu peke yetu. Tarehe 17 Septemba 2011 watu walipiga kambi katika bustani ya Zuccotti, New York, jirani na Wall Street. Walisema wao ni asilimia 99, na kwamba asilimia moja ya juu imejikusanyia utajiri na sauti. Miaka mitatu nyuma serikali ya Marekani ilikuwa imeyaokoa mabenki kwa fedha za umma, huku familia nyingi zikipoteza nyumba kwa kushindwa kulipa mikopo. Swali lilikuwa hilo. Wachoraji waliowapinga walijibu kwa ndevu, nzi, mahema na ngoma. Kijana mwenye shahada asiyetaka kazi. Na simu, hiyo haikosi! Anayelaumu makampuni makubwa ameshika simu ya kampuni kubwa, basi mchoraji anaona kesi imekwisha. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Novemba polisi walipoivunja kambi, Meya Michael Bloomberg alitaja afya na usalama wa umma. Sidai katuni ndizo zilizotuma polisi. Lakini msomaji aliyekuwa ameshaonyeshwa nzi miezi miwili hakushangaa.

Tazameni na majirani zetu wa Kenya, Juni 2024, vijana walipoupinga Muswada wa Fedha. Safari hii hawakuitwa wachafu. Kimani Ichung'wah, kiongozi wa walio wengi bungeni, alisema wanakuja na Uber na wakimaliza wanakwenda kula kuku wa KFC. Kwa hiyo ukija na kaptula iliyochanika wewe ni mhuni, ukija umevaa vizuri wewe ni mwongo, huna njaa ya kweli. Naomba mtu aniambie maskini avae nini ili asikilizwe.

Mchoraji (komini ya Kenya, ile sehemu ya mji wetu, si nchi)

Yaya, yaani kaka mkubwa, salamu. Mimi kalamu ndiyo inanilisha: mabango ya saluni, majina ya maduka, na katuni nikipata wa kuinunua. Naona unatuhukumu kwa sheria ambayo si ya kazi yetu.

Katuni ina kisanduku kimoja. Mtu anaitazama ndani ya taksibus, amebanwa na mfuko wa jirani, na kabla hajashuka anatakiwa awe ameelewa. Ndiyo maana tunatumia alama. Tajiri tunampa kitambi, kofia ndefu na sigara nene. Mwanajeshi tunampa miwani myeusi. Je, kila tajiri ana kitambi? Nawajua wembamba kama fito, na sijasikia mtu akiwalilia. Mwandamanaji naye apokee alama yake kama wengine.

Halafu mnawaweka wachoraji wote upande wa wenye mali. Ufaransa, mwaka 1831, Honoré Daumier alimchora Mfalme Louis-Philippe kama jitu linalolishwa vikapu vya fedha za maskini kwa njia ya ubao uliopandishwa hadi kinywani. Alifungwa jela kwa ajili yake. Mwaka 1834 askari walipoua watu ndani ya nyumba moja ya mtaa wa Transnonain mjini Paris, ni yeye aliyechora baba amekufa sakafuni na nguo zake za kulalia, mtoto chini yake. Hakuna kichekesho mle. Na Desemba 2024, Mkenya Gideon Kibet, yule Kibet Bull, alitekwa baada ya michoro yake ya vivuli vya Rais Ruto, akaachiwa Januari. Hao nao ni wachoraji. Msitutie wote katika chungu kimoja.

Mama wa sokoni (Katuba)

Wanangu, mnaongea maneno marefu, mimi nitasema mafupi. Nauza unga. Siku ya maandamano nafunga. Siku ya ville morte, mji mzima ukigoma, nafunga. Faranga za siku ile hazirudi, na watoto jioni hawajui maandamano ni nini, wanaangalia sufuria.

Mwaka 1991 nilikuwa msichana. Pillage, ule uporaji, niliiona kwa macho haya. Watu walibeba viti, mabati, mmoja alipita na mlango wa friji peke yake, friji sijui ilikwenda wapi. Sasa mtu akichora kijana mwenye bango mkono wa kushoto na mali ya duka mkono wa kuume, msiniambie ameota. Ameona. Nami niliona.

Mwenye mada

Mama, heshima yako, na hilo la kufunga siku nzima sina jibu lake jepesi. Wanaoitisha ville morte mara nyingi ni watu wenye mshahara wa mwezi.

Ila kuhusu 1991 niruhusu. Kinshasa, Septemba ile, walioanza kuvunja walikuwa askari waliochoka na mishahara isiyotosha hata wiki, raia wakafuata nyuma. Kwa hiyo mchoro wa mwenye friji kichwani ni kweli ya mchana. Kweli ya asubuhi, ya askari ambaye mshahara wake umeyeyuka kwa mfumuko wa bei, haichorwi. Picha moja imebaki vichwani mwetu zaidi ya miaka 30, na leo kijana akiinua kibao cha kuomba maji tunakimbilia kufunga milango. Sikulaumu wewe. Namlaumu anayejua hofu hiyo ipo na akaichorea.

Na ndugu Mchoraji, kitambi cha tajiri na uchafu wa mwandamanaji si alama zinazolingana. Kitambi kinasema amekula, yaani kinazungumzia hoja yenyewe. Nzi wanazungumzia nini?

Mwalimu wa historia (Kamalondo)

Naomba niingie hapo, maana mnabishana kuhusu nani anachorwa vibaya, wakati mimi naona ni suala la anachorwa akifanya nini.

Kulikuwa na jarida la vichekesho la London liitwalo Punch, lilianza 1841. Mwanzoni liliwahurumia maskini kwelikweli. Mwaka 1843 lilichapa shairi la kumlilia mwanamke anayeshona mashati mchana na usiku kwa ujira wa kijinga. Watu walilia. Miaka mitano baadaye, tarehe 10 Aprili 1848, wafanyakazi walioitwa Wachartisti walikusanyika Kennington Common, London, wakipeleka bungeni ombi la haki ya kila mwanamume kupiga kura, kura ya siri, wabunge walipwe ili na maskini aweze kuwa mbunge, na mengine. Walidai sahihi zaidi ya milioni 5. Makarani wa bunge wakasema hazifiki milioni 2, na nyingine ni za utani, ikiwamo ya Malkia Victoria na ya huyohuyo Bwana Punch. Jarida likawacheka wiki baada ya wiki. Milioni karibu mbili za sahihi zikafunikwa na sahihi chache za kipuuzi. Katika madai yao 6, matano leo ni sheria ya kawaida Uingereza.

Sasa sikilizeni sehemu inayotuhusu. Tarehe 28 Novemba 1906, jarida lilelile lilichapa mchoro wa Linley Sambourne kuhusu nchi yetu. Mkongomani amezongwa na nyoka, nyoka ni mmea wa mpira, na kichwa cha nyoka ni cha Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, aliyekuwa akiitawala nchi yetu. Mchoro mkali, ulisaidia wale waliokuwa wakipinga ukatili wa kuwalazimisha watu kuvuna mpira. Naupenda. Lakini mtazameni yule Mkongomani: amebanwa, mdomo wazi, hana bango, hana dai, hana jina.

Ndiyo nisemavyo. Mshonaji anayelia alichorwa vizuri. Mkongomani anayenyongwa alichorwa vizuri. Wafanyakazi waliokuja na karatasi ya madai wakachorwa wapumbavu. Maskini akiumia anapata huruma ya kalamu, akidai anapoteza sura. (Ukarimu wa mbali nao ni rahisi: mfalme aliyechorwa nyoka alikuwa wa Ubelgiji, msomaji alikuwa Mwingereza.)

Hata sisi wenyewe. Wakubwa hapa mnakumbuka picha za rangi zilizokuwa sebuleni miaka ya 1970, ile ya Colonie belge: mfungwa amelazwa chini, askari na kiboko, mzungu anaangalia. Karibu kila mtaa wa Lubumbashi uliijua. Lakini Desemba 1941 wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière waligoma hapahapa, ikiwa bado Élisabethville, wakidai mishahara, na askari wakawapiga risasi uwanjani. Ni nyumba ngapi mliona picha ya watu wale wakiwa wamesimama wanadai, kabla ya risasi? Kiboko tulikitundika ukutani. Dai hatukulitundika.

Kijana wa Ruashi

Mi nasema tu vile tunasemaka kwetu. Yaya Mwalimu, njo vile kabisa. Wachimbaji ba Kolwezi, 2019, mwezi wa sita, mugodi ilibaangukia, batu zaidi ya 30 bakakufa. Siku ile kila mutu alibalilia. Mbele ya pale walikuwa banabaita bezi. Nyuma ya pale, jeshi ikakuya kubafukuza. Kulia ilikuwa ya siku ngapi?

Mchoraji

Mwalimu, umenigusa, lakini hujanimaliza. Nichorieni basi ninyi. Kutolingana kwa mapato kunafananaje? Mkataba wa madini una kurasa mia, umeandikwa Kifaransa cha mawakili, umesainiwa chumbani. Bei ya kobalti inapanda na kushuka katika soko la mbali. Nikichora karatasi, nani atacheka? Mwili wa mtu uko barabarani, naufuata kwa sababu unaonekana. Hapo hamna njama, ni uvivu wa kalamu ukipenda kuuita hivyo, na njaa ya mchoraji mwenyewe.

Kwa sababu hilo nalo tuliseme. Mwandishi kwetu anaishi kwa coupage: anayekuita kwenye habari ndiye anayekupa ya usafiri. Mwandamanaji hana bahasha. Nimewahi kuombwa na mtu mmoja nichore "wale watoto wa barabarani" kabla hata sijaambiwa wanaandamana kwa nini.

Mwenye mada

Asante kwa ukweli huo, wengi hawausemi. Lakini kwamba karatasi haichoreki, hapana. Mwaka 1871 Thomas Nast wa New York alikuwa akipambana na William Tweed, bosi wa siasa aliyeliibia jiji. Hesabu za wizi ule zilikuwa nzito kuliko mkataba wowote. Nast akachora mwili wa Tweed wenye mfuko wa fedha mahali pa kichwa, na alama ya dola ndiyo macho, pua na mdomo. Mtu asiyejua kusoma alielewa.

Miaka mitatu baadaye, uchumi ukiwa umeanguka, watu wasio na kazi walikusanyika Tompkins Square, New York, Januari 1874, wakidai jiji liwape kazi. Polisi wa farasi waliwavamia kwa virungu. Mwezi uliofuata Nast huyohuyo alichora kiunzi cha mifupa chenye utepe wa kikomunisti kikimwita mfanyakazi mwenye familia. Dai la kazi likageuka kifo chenye utepe. Kwa mwizi mmoja alitafuta sura hadi akaipata. Kwa mshahara hakutafuta. Kipaji kilikuwepo mara zote mbili.

Mama wa sokoni

Mimi nauliza tu. Mukichora muuza unga, mutamuchora namna gani? Maana bei ikipanda, wa kwanza kutukanwa ni mimi, na mimi nimenunua kwa mtu, naye amenunua kwa mtu.

Mchoraji

Mama, hiyo ni katuni tayari, foleni ya watu kila mmoja akimnyooshea kidole wa mbele yake. Nitaijaribu. Lakini nawaonya: wale viongozi wa maandamano wanaochukua bahasha usiku na kuahirisha matembezi asubuhi nitawachora pia, na mate yakiwatoka. Hilo siliachi kwa ajili ya mtu.

Bango nitaliandika bila kosa la herufi, nakubali. Nguo nitaamua mwenyewe. Na mwenye nakala safi ya ule mchoro wa nyoka aniletee kibandani, nataka kuona Sambourne aliichora vipi mikono ya yule mtu.