Vidole viwili havikunji tena: nibaki na solo, nihamie besi au niweke gitaa chini?

solo_wa_mtoni

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu kidogo, nivumilieni. Naandika kwa mkono mmoja na nusu.

Mimi ni mpiga solo. Miaka kumi na sita niko kwenye dansi hapa Dar, tisa ya mwisho na bendi moja ambayo sitaitaja. Mwezi wa tatu tulitoka kupiga Mbagala, saa tisa usiku, nikapanda boda na gitaa mgongoni. Mbele kidogo bajaji ikatukata. Gitaa halikupata hata mkwaruzo. Mimi nilitua kwa kiganja cha kushoto juu ya kipande cha bati. Kano za kidole cha pete na cha mwisho zikakatika. Wakanishona, nikakaa na mkono umefungwa wiki sita, na ulipofunguliwa vidole hivyo viwili vikabaki vimenyooka kama askari gwaridani. Daktari anasema kwa mazoezi vitakunja kidogo, ila kama zamani nisitegemee.

Bendi hawakuwa wabaya. Mwezi wa kwanza walinichangia, kiongozi akaja na mchele na sukari. Mwezi wa pili wakachukua kijana "kwa muda". Juzi nimeona picha yao wako jukwaani: wameshamshonea sare.

Maumivu nimeyazoea. Jambo ambalo sijalizoea ni haya mengine. Jumapili redio ikianza zilipendwa, nazima. Gitaa liko juu ya kabati ndani ya mfuko wake, na mke wangu ameanza kuweka mashuka juu yake. Hakufanya kwa ubaya, ni nafasi tu. Nilipoona niligomba kama mtu aliyevunjiwa kitu, mpaka mtoto akatoka nje.

Sasa nauliza waliopitia. Nishuke kwenye besi? Nikapige kanisani, ambako hawana haraka? Au niache kabisa? Tafadhali msiniambie Mungu ni mwema. Najua.

kitonga_mjini

Pole mkuu. Uza gitaa ununue boda, hasara irudi ilikotoka. Natania, pole sana kwa kweli.

MzeeWaBesi

Mdogo wangu, pole. Sasa nikugombeze. Nani kakwambia besi ni mahali pa kushukia? Nyuzi za besi ni nene kama kamba ya kuanikia nguo, freti, vile vyuma vya shingoni, zimeachana, na kidole cha mwisho ndicho punda wa kazi yote. Ukija huku na hivyo viwili ulivyobakiwa navyo utaumia mara mbili. Wapiga solo mna dharau, hata mkiwa wagonjwa.

Haya, nikusaidie. Django Reinhardt umewahi kumsikia? Gitaa la jazi, Ufaransa, miaka ya 1930. Mwaka 1928, ana miaka 18, moto uliwaka ndani ya gari la kukokotwa alimokuwa akiishi. Mkono wa kushoto, kidole cha pete na cha mwisho. Vilevile vyako! Akarudi akapiga solo kwa vidole viwili vilivyosalia, vile vilivyoungua akivitumia tu kubania kodi, yaani noti zinazopigwa pamoja. Sikiliza anavyokwenda: badala ya kubaki mahali pamoja akivuka nyuzi, anateleza kwenye shingo juu na chini.

Ila watu wakisimulia kisa hiki huwa wanaruka katikati. Kundi lililomtangaza, Quintette du Hot Club de France, lilianza 1934. Hesabu kutoka 1928. Ni miaka sita, na wewe uko mwezi wa tano wa mwaka wa kwanza unatuuliza kama uache.

Mwingine ni Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya roki Black Sabbath. Mashine ya kiwandani Birmingham ilimla ncha za vidole viwili. Yeye aliyeyusha chupa ya plastiki akajitengenezea kofia za vidole, akafunga nyuzi nyepesi, baadaye akalegeza tyuni nzima. Django alibadili upigaji, huyu akabadili gitaa. Jaribu yote mawili kwanza, chombo kingine baadaye.

mwimbaji_nyali

Kaka, mie si mtu wa gitaa, naimba kwenye hoteli huku Mombasa. Lakini hilo la mashuka limenigusa.

Sauti yangu ilikatika katikati ya wimbo, wageni wanakula kamba. Daktari akaona vinundu kwenye nyuzi za sauti. Akaniamuru ninyamaze kabisa wiki nzima, kisha mazoezi ya sauti na mtaalamu. Wiki hiyo nyumbani nilikuwa naandika kwenye daftari la hesabu la mwanangu: "chumvi imezidi", "funga mlango", "usinijibu hivyo". Bado ninalo.

Sauti ilirudi, ila zile noti za juu hazikurudi. Na mie kwa ubishi nikaendelea kuimba kwa ki ileile ya zamani, yaani kimo kilekile cha sauti, kila usiku naikwaruza, kila usiku nalia kwenye matatu. Siku moja mpiga kinanda akashusha ki mbili bila kuniambia. Nilitaka kumpiga. Niliona amewatangazia watu wote kwamba nimekwisha. Wimbo ukapita. Hakuna hata mmoja aliyegeuka, isipokuwa mhudumu mmoja aliyeniambia jikoni, "Leo maneno yamesikika."

Tangu hapo nimeongeza nyimbo ambazo zamani nilizikataa kwa kuwa hazikunionyesha. Nyingi ni nzuri kuliko zile nilizokuwa nikipigia kelele.

Na usingizi je, unalala? Mie sikuwa nalala, nikaenda kuzungumza na mshauri hospitalini. Watu wa bendi hatuendi, twajifanya twatibiwa na jukwaa. Nenda. Na huyo kijana wa sare mpigie wewe simu, usingoje akupigie yeye. Anakuogopa.

mkongo_wa_sinza

Solo, bwana mkubwa, mbona unachagua kati ya solo na besi kama vile bendi ina magitaa mawili? Huku nilikotoka kuna gitaa la katikati, mi-kompoze. Toa uzi wa nne, ule wa D. Mahali pake funga uzi wa kwanza wa akiba, kaza mpaka D ya juu, oktavu moja kupita uliotoa. Sasa katikati ya gitaa una kengele. Kidole cha kwanza kinalala, cha kati kinatembea, na kazi kubwa inahamia mkono wa kulia, ambao wewe unao mzima. Unakaa kati ya solo na ridhimu, unajaza sebene.

Onyo moja: wiki ya kwanza masikio yatakataa. Mkono unajua uzi wa nne ni mzito, sikio linapata kitu chembamba. Vumilia.

Kuhusu kanisani, Remmy Ongala mwenyewe baada ya bendi yake ya Super Matimila alimalizia kwenye injili, na alikuwa Remmy yuleyule. Lakini nenda kama umeitwa. Usiende kwa sababu umeona picha ya sare.

solo_wa_mtoni

Nimerudi wakuu, siku kumi na mbili zimepita. Mzee, nimekubali, besi naomba radhi.

Nilishusha mashuka mwenyewe nikayakunja. Nikafunga uzi kama alivyosema mkongo. Siku tatu za kwanza ni balaa, kila nikishika umbo ninalolijua linatoka jambo lingine, na hivyo vidole viwili vinagonga nyuzi zisizohusika. Nimevifunga pamoja kwa kitambaa visiniingilie. Siku ya tano nikapata kipande kifupi, noti sita tu zinazozunguka, nikakirudia karibu saa nzima. Mke wangu akasema kutoka jikoni, "Hiyo siyo wewe." Nikamwuliza, mbaya? Akasema, "Sijasema mbaya."

Dada wa Nyali, mshauri nimepangiwa Jumanne. Na kijana nimempigia. Kumbe ana kipande changu kimoja anakipiga kinyume tangu mwezi wa nne na hakuna aliyethubutu kumwambia. Nikamwelekeza kwa simu, kwa mdomo, ti-ri-ri mpaka salio likaisha. Kiongozi amesema niende mazoezini Jumamosi na hilo gitaa la katikati walisikie, hakuahidi kitu.

Kijana akapiga tena jioni. Anataka nimletee uzi wa kwanza, wake umekatika. Nikamwambia ninao mmoja tu, na uko kwenye nafasi ya nne.