Distro moja ya Linux ibebe matoleo mangapi ya programu ileile?

FundiSeva: Wakuu, distro kama Debian, yaani Linux iliyofungashwa na programu zake, ikishatoka, Python yake (lugha ya kuandikia programu) ni hiyohiyo hadi toleo lijalo la mfumo. Mradi mmoja unadai mpya, mwingine unadai ya zamani. Kwa nini distro isibebe zote, kila mtu achague? Distro ya Gentoo ina sloti, nafasi tofauti kwa kila toleo, hivyo matoleo mawili yanakaa pamoja bila kugombana.

MzeeTerminali: Kila toleo unaloongeza linataka mtu wa kuliziba mianya ya usalama. Nani? Distro ya Fedora walileta moduli, vifurushi vya kukuwezesha kuchagua toleo, 2018 hivi, wakaziacha 2023. Moduli mbili zikitaka matoleo tofauti ya kitu kimoja, hupati zote. Na wengi wanaolilia matoleo mengi ni wavivu wa kuhamisha msimbo wao kwenda toleo jipya. Python 3 ilitoka 2008, ya 2 ikasitishwa Januari 2020. Muda wote huo haukutosha?

BintiKodi: Shikamoo mzee, lakini neno "wavivu" lifute. Natunza mfumo ambao aliyeuandika hayupo tena, na hauna jaribio hata moja la kukagua kama msimbo unafanya kazi sawasawa. Python 2 ukigawa 7/2 unapata 3, Python 3 inakupa 3.5. Hakuna kosa linalojitokeza, hesabu zinaharibika kimyakimya.

MzeeTerminali: Marahaba. 2to3, zana ya kugeuza msimbo wa Python 2 kuwa wa Python 3, ilikuwepo tangu mwanzo.

BintiKodi: 2to3 haigusi mgawanyo! Umewahi kuitumia kweli, au unatusomea maelezo?

MzeeTerminali: Nimehamisha mifumo kabla hujashika kibodi, binti. Usinipime.

KokaMsimbo: Umri hauhusiani na hoja, mzee. Dada yuko sahihi kuhusu mgawanyo.

FundiSeva: Jamani, swali langu. Nikielekeza /usr/bin/python3, Python inayotumiwa na mfumo wenyewe, kwenye toleo jipya, kuna shida?

KokaMsimbo: Usiguse kabisa! Zana za mfumo kama add-apt-repository, ya kuongeza vyanzo vya programu, zinaitegemea, utaambiwa maktaba yake ya apt_pkg haipatikani. Python ya mfumo ni ya mfumo. Ndiyo maana tangu Debian 12 pip, kisakinishi cha vifurushi vya Python, inakataa kusakinisha nje ya venv, mazingira ya Python yaliyotengwa na ya mfumo. Ya kwako iweke pembeni, au tumia Nix, kisimamizi cha vifurushi: kila toleo lina saraka yake ndani ya /nix/store.

MzeeTerminali: Na hiyo ya pembeni ikitoboka, nani ataiziba? Distro haitaijua. Hapo ndipo uvivu ninaousema.

BintiKodi: Umelirudia tena. Nitajie basi nani alipe miezi ya kuandika majaribio toka mwanzo, maana mwajiri hataki na wewe hujitolei.