Pikapu inatetemeka kuanzia 85 km/h, magurudumu yamebalansiwa mara mbili

Bamba_la_Tano
Wakuu, naomba msaada. Pikapu ya dizeli, dabo kebini, gia 5 za mkono, imetumika km 210,000. Tairi 265/70R16, difu (gia za ekseli ya nyuma) ya 4.1, propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma) ya vipande viwili yenye beringi ya kati. Hadi 80 iko shwari. Ikifika 85 mtetemo unaanza, kilele ni 100 hadi 105. Magurudumu yamebalansiwa mara mbili, alaimenti imefanywa, shokapu za mbele ni mpya, na hakuna kilichobadilika. Mmiliki wa kwanza aliongeza bamba la springi nyuma na kipande cha chuma cha kuinua mwili. Nianzie wapi kabla sijanunua kifaa kingine?

Spana17
Usinunue chochote kwanza. Alaimenti mbaya hula tairi na kuvuta gari upande, na shokapu iliyochoka huacha mtetemo uenee tu. Chanzo ni kitu kinachozunguka, na hapo viko vitatu: gurudumu, propela na injini. Kila kimoja kina kasi yake, ndiyo maana vinatambulika.

Tairi lako likizunguka mara moja gari limesogea mita 2.44 hivi. Kwa 100 km/h unakwenda mita 27.8 kwa sekunde, kwa hiyo gurudumu linazunguka mara 11 na kidogo. Zidisha kwa 4.1 ya difu, propela inazunguka mara 46 au 47. Krosi, yaani kiungo kinachoruhusu propela ikunje pembe, ikiwa na pembe mbaya hutikisa mara mbili kila mzunguko, yaani zaidi ya mara 90 kwa sekunde. Mara 11 utaiona kwa macho, usukani au kiti kinacheza. Mara 46 ni ganzi sakafuni na makalioni. Mara 90 ni mvumo unaokaa masikioni.

Tafuta barabara tambarare isiyo na magari. Nenda 100 kwa gia ya 5, kisha 100 kwa gia ya 4. Usiishie kwenye gia ya 4 peke yake: kwenye giaboksi nyingi za gia 5 hiyo ndiyo gia ya moja kwa moja, injini na propela zinazunguka sawasawa na huwezi kuzitofautisha. Kisha weka frii, gari liserereke. Ufunguo usiuzime hata kidogo, usukani unaweza kujifunga na nguvu ya breki ikapotea. Mwisho kanyaga mafuta, achia, gusa breki taratibu. Andika kila badiliko.

Kwa kuwa nyuma imeinuliwa, pima pia mwinamo kwa nyuzi (digrii): giaboksi, kipande cha mbele cha propela, kipande cha nyuma, pinioni (shafti fupi ya difu inayopokea propela). Programu ya kupima mwinamo kwenye simu inatosha. Gari lisimame kwa magurudumu yote manne likiwa na mzigo wake wa kawaida. Ukilining'iniza kwenye jeki vipimo havina maana.

Koni_na_Rimu
Kubalansi mara mbili bado hakujayatoa magurudumu kwenye lawama. Mashine ya kawaida hupima uzito, umbo haiulizi. Tairi ambalo waya za ndani zimeanza kuachana linaweza kusoma sifuri na bado likarusha ekseli barabarani. Inua gari, weka stendi, simamisha kipande cha waya karibu kabisa na sehemu ya tairi inayokanyaga barabara, zungusha kwa mkono utazame ile nafasi. Ikitofautiana zaidi ya mm 1.5, tairi linashukiwa. Rudia kwenye ukingo wa rimu. Hapo zaidi ya mm 1 ni kosa la rimu. Rimu ikiwa nzuri, toa upepo, geuza tairi nusu mzunguko juu ya rimu, jaza, pima tena. Kuna wakati linatulia kabisa kwa hilo tu.

Kosa la pili ni koni ya mashine, ile inayoshika rimu katikati. Rimu isipokaa katikati, mashine inabalansi kosa lake yenyewe. Ikishasoma sifuri, mwambie fundi alegeze, ageuze gurudumu nusu kwenye shafti ya mashine, akaze, apime tena. Likitokea gramu 20 au zaidi, halikukamatwa sawa. Na kutu kati ya rimu na habu isuguliwe kwa brashi ya waya kabla ya kufunga.

Bamba_la_Tano
Nimepima. Gia ya 5 na ya 4 mtetemo uko palepale kwenye 100. Frii upo, ila umepungua kama nusu. Usukani umetulia, kinachotetema ni kiti na sakafu, pamoja na mvumo. Nikikanyaga mafuta kwenye mwinuko unakua. Breki haibadilishi kitu. Tairi baya zaidi limetofautiana mm 0.8. Krosi zote tatu hazina mchezo wala hazikwami, mpira wa beringi ya kati ni mzima. Nyuzi, vyote vikishuka kuelekea nyuma: giaboksi 2, kipande cha mbele 2, cha nyuma 7, pinioni 4.

Spana17
Basi injini na magurudumu yametoka. Tazama pembe zako. Krosi ya kati: 7 toa 2, nyuzi 5. Krosi ya difu: 7 toa 4, nyuzi 3. Hizo mbili zinatakiwa zilingane ili moja ifute mtikisiko wa nyingine, na zako zimepishana 2. Ukikanyaga mafuta, springi zinajipinda na pua ya difu (upande wake wa mbele, penye pinioni) inapanda, tofauti inazidi. Ndiyo sababu mwinuko unaukuza. Nashuku kile kipande cha kuinua kimechongwa kwa mshazari kikainua pua kupita kiasi.

Kwanza shusha beringi ya kati kwa vipande viwili vya chuma vya mm 12, kimoja kila boliti, na boliti ndefu za daraja 8.8. Kipande cha mbele kitafika nyuzi 3 hivi, cha nyuma 6 na kidogo. Krosi ya kwanza nayo itapata nyuzi 1. Sasa iko sifuri, na sindano za beringi zilizo ndani yake zisipozunguka huchimba alama mahali pamoja. Kisha shusha pua ya difu hadi nyuzi 2. Iache chini kidogo ya 3 kwa makusudi, maana itapanda yenyewe ukivuta.

Piga alama za rangi kabla ya kufungua propela. Masikio ya krosi yakirudi yamepishana umejiongezea ugonjwa.

Koni_na_Rimu
Pua ya difu hushushwa kwa kabari, bamba la mshazari linalokaa kati ya springi na ekseli, na hapo ndipo wengi wanakosea. Ekseli ikiwa chini ya springi, upande mnene wa kabari ukae mbele ili pua ishuke. Ekseli ikiwa juu ya springi ni kinyume chake. Tumia chuma, za alumini hupasuka. Hakikisha kichwa cha boliti ya kati ya springi bado kinaingia kwenye tundu lake, la sivyo weka boliti ndefu zaidi. Yubolti ziwe mpya, zikazwe kwa mkingamo gari likiwa limekanyaga chini, na zikazwe tena baada ya km 100.

Spana17
Na mvumo ukiisha lakini ganzi ikabaki, hiyo ni propela yenyewe kukosa balansi. Gawa mwisho wake wa nyuma kwa alama nne, funga klipu ya mpira wa rejeta, kichwa cha skrubu kwenye alama ya 1, nenda 100, halafu hamia alama ya 2, hadi upate iliyotulia zaidi. Ikibaki kidogo ongeza klipu ya pili hapohapo. Ikizidi, tenganisha vichwa vyake pole pole. Klipu ni za kutafutia tu. Propela ikabalansiwe kwenye mashine, vizito vichomelewe.