Tupeane uzoefu: mliosoma ufundi sekondari za kijijini, ulikulipa?

Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu anaanza form one Januari huku kwetu Mufindi, shule ina mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi, useremala na umeme wa majumbani. Mzee hataki kusikia, anasema mtoto kafaulu halafu akarande mbao (na mzee mwenyewe miaka yote anakula kwa mbao hizohizo). Mtaala mpya unasema anamaliza form four na vyeti viwili, cha sekondari na cha ufundi. Waliopita huko wafunguke.

Fundi_Mstaafu: Mi nimetoka Ifunda, miaka hiyo huendi shule ya ufundi kama hesabu hazipandi. Tulikuwa tunachora na kujenga kweli, wengi tukaunga FTC (cheti cha fundi sanifu) pale chuo cha ufundi Dar, ambapo sasa ni DIT. Hakuna mzazi aliyeona aibu, hii ya kuona ufundi ni wa waliofeli imekuja baadaye.

binti_wa_njombe: Sisi mchepuo wa kilimo jamani ulikuwa ni jembe tu, kipindi kikifika tunalima shamba la shule, mavuno hatujui yameenda wapi. Udongo, mbolea, hesabu za faida hakuna aliyetufundisha. Nimejulia parachichi kwa shangazi.

Mzee wa Waya: Form four nilipata ziro nikaenda VETA, chuo cha ufundi stadi, nikasoma umeme. Nimerudi kijijini REA, wakala wa umeme vijijini, nao ndo wanaleta nguzo, kila nyumba inataka wiring, nikatafuta leseni ya EWURA, wanaosimamia nishati na maji, maana bila mkandarasi mwenye leseni kusaini huungiwi umeme. Ningepata hayo masomo sekondari ningeokoa muda na ada ya mama.

ticha_kijijini: Nafundisha shule ya amali, nisiseme wapi. Kabla hujabishana na mzee nenda kaone karakana kwa macho yako. Sisi tuna mashine ya kuranda nzuri tu, inataka umeme wa njia tatu (three phase), uliofika shuleni ni wa njia moja, kwa hiyo imefunikwa turubai na watoto wanaisoma ubaoni. Ulizia na mwalimu wa fani yupo au anaazimwa, na vifaa vya mazoezi analipa nani, maana mbao na nyaya zinaisha kila wiki.

Mleta mada: Ticha hilo la umeme sikuliwaza kabisa, Jumatatu nakwenda.

Mzee wa Waya: Nenda na mzee.