Kijana akinaswa na gemu: tumnyang'anye simu, au tumuulize anakimbia nini?

Mwana wa Bombo (mleta mada)
Wazazi wengi wa Kampala siku hizi wana dawa moja, na wenye hosteli wameanza kuiiga: intaneti izimwe saa nne usiku, vijana walale. Mfano wao ni China, ambako tangu 2021 walio chini ya miaka 18 wanaruhusiwa kucheza gemu za mtandaoni kwa muda wa saa moja tu kwa siku, tena Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu pekee.

Napinga. Kijana wa miaka 21 anayekesha na gemu mara nyingi hafuati utamu. Akiweka simu chini kuna kitu kinamngoja: somo la kurudia, ada ambayo haijalipwa, ugomvi wa nyumbani, upweke. Gemu ndiyo njia pekee aliyo nayo ya kukinyamazisha. Ukichukua simu unamwacha na kitu chenyewe, mikono mitupu.

Mtazame akicheza. Raundi ya Free Fire, gemu ya kupigana kwenye simu, ni kama dakika kumi, watu 50 wanashushwa kisiwani. Anayecheza kwa raha akiuawa atacheka, atalalamika kidogo, atazima. Huyu mwingine akiuawa, kidole kiko tayari kwenye kitufe cha kuanza upya kabla hajajua nani kamuua. Bando likiisha ndipo utaiona hasira, kubwa kuliko raundi yenyewe.

Wanasaikolojia, akiwemo James Gross wa Marekani, wanatenganisha kumeza hisia na kulitazama jambo upya kabla halijakuchoma. Mvulana wa kwetu anafundishwa kumeza tu. Kilichomezwa kinakwenda wapi?

Mama Hosteli, Wandegeya
Mwanangu, hayo ni ya darasani. Mimi sizimi intaneti ili nimtibu mtu, nazima ili wa chumba cha pili alale, maana hawa wanapigiana kelele kwenye spika hadi alfajiri: "nifuate, nifuate, yuko nyuma ya nyumba!" Tena umegeuza mambo. Mtu hajalala vizuri wiki nzima, hizo hisia atazitawala kwa nguvu gani? Mlaze kwanza, maswali baadaye.

Mtu wa Takwimu
Mama ametia kidole penyewe. Tafiti nyingi za jambo hili ni za dodoso linalojazwa mara moja. Zinaonyesha kuwa wanaoshindwa kudhibiti hisia ndio pia wenye dalili nyingi za uraibu wa gemu. Kipi kilitangulia, dodoso la siku moja halisemi. Kukosa usingizi na kufeli kwaweza kuivuruga hisia ambayo awali ilikuwa salama.

Lakini kuhusu kuzima, angalieni Korea Kusini. Mwaka 2011 walizuia walio chini ya miaka 16 kucheza kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Gemu za simu hazikuguswa, na watoto wakahamia huko. Mwaka 2021 serikali ikaamua kuifuta sheria hiyo. Halafu sheria zote hizo ni za watoto. Mwenye miaka 21 utamzimia kwa sheria ipi?

Shirika la Afya Duniani nalo, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, halikutaja idadi ya saa. Linaangalia kama mtu ameshindwa kujizuia, kama gemu imepita kila kitu maishani, kama anaendelea huku akiona madhara, na kwa kawaida hali hiyo iwe ya miezi 12.

Dereva wa Malaba
Haya ni matatizo ya watoto wenye wazazi wa kulipa. Bando lina kodi ya asilimia 12 tangu 2021, nani huku anakesha mtandaoni? Vijana wetu wanaangamia kwenye kubeti. Sheria ya Uganda ya 2016 inasema chini ya miaka 25 haruhusiwi. Piteni kwenye vibanda mtazame nyuso zilizomo.

Sista wa Arua
Hata huku simu za bei ndogo zinaicheza hiyo Free Fire, kaka. Na msisahau shule zilivyofungwa, kabisa au kwa sehemu, Machi 2020 hadi Januari 2022. Aliyekuwa na miaka 14 wakati ule leo ni mtu mzima, na alijifunza kupitisha huzuni akiwa peke yake na skrini.

Mimi huwauliza: dakika chache kabla ya kufungua gemu, ulikuwa unahisi nini? Jibu la kwanza karibu kila mara ni "sijui." Naye hadanganyi. Tunaanzia hapo, kuijua hasira kama hasira na aibu kama aibu. Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili kule Kampala, wapo wataalamu, ila wangapi watapanda basi kwenda huko kwa sababu ya gemu?

Mleta mada nawe usizidishe. Aliyegombana na baba yake akacheza saa moja, akatulia, akarudi kuzungumza naye, huyo ametawala hisia zake vizuri kuliko baba. Wasiwasi wangu ni kwa yule asiyerudi kuzungumza.

Mwana wa Bombo
Sista, huyo asiyerudi ndiye ninayemsemea. Mama, usingizi nakubali, zima. Lakini ukishazima saa nne, yule mwenye ada isiyolipwa analala kweli, au anatazama dari mpaka asubuhi?

Mama Hosteli
Yupo mmoja ghorofa ya juu, naona mwanga wa simu yake hata intaneti ikiwa imezimwa. Ada yake hajalipa, ni kweli. Nitazima saa sita badala ya saa nne. Ila kumuuliza habari za moyo wake siwezi, atadhani namdai. Mtume kijana mwenzake.

Dereva wa Malaba
Na wa kubeti je? Bado sijajibiwa.