Tamasha la kondoo na sufu Rhinebeck: tuzipangeje siku zetu mbili?

Mfumaji wa Jersey City ameuliza:

Salaam kwenu nyote. Mwezi wa Oktoba mimi na marafiki zangu watatu tunakusudia kwenda Rhinebeck, katika jimbo la New York, kwenye tamasha la kondoo na sufu ambalo hufanyika kila mwaka mwishoni mwa wiki ya tatu ya mwezi huo. Mimi hufuma masweta na kofia kwa sindano, na kwa muda mrefu nimekuwa nikinunua uzi wa dukani bila kujua umetoka kwa kondoo wa aina gani, jambo ambalo sasa nataka kulibadilisha kwa kununua manyoya mabichi na kujifunza kusokota mwenyewe. Rafiki yangu mmoja amelelewa Monduli katika nyumba ya wafugaji, naye anapenda kuwaona kondoo wenyewe kuliko kitu kingine chochote. Wawili waliobaki hawafumi wala hawafugi, ila wanapenda safari na wamekubali kutusindikiza.

Naomba ushauri wenu katika mambo matatu. Kwanza, tufikeje na tulale wapi, kwa kuwa hatuna gari? Pili, mtu ambaye hajawahi kununua manyoya ya kondoo atayatambuaje yaliyo mazuri? Tatu, je, wale wawili watapata cha kuwafurahisha kwa siku mbili nzima, au niwaambie waje siku moja tu?

Sindano Mbili amejibu:

Karibu sana, dada. Nitaanza na usafiri, kwa sababu ndio unaowasumbua wengi. Treni ya Amtrak kutoka New York huwafikisha kituo cha Rhinecliff kwa muda unaokaribia saa moja na dakika arubaini, na njia yote reli hufuata ukingo wa mto Hudson, kwa hiyo kaeni upande wa kushoto mnapokwenda kaskazini, kwani wakati huo majani ya miti ya ng'ambo huwa yamegeuka rangi. Kutoka kituoni hadi viwanja vya maonyesho vya Dutchess, ambako tamasha hufanyika, ni kilomita chache tu, lakini teksi hapo ni adimu na abiria siku hiyo ni wengi, hivyo agizeni gari mapema kabla ya kusafiri. Treni ya Metro-North ni nafuu zaidi, ila mwisho wake ni Poughkeepsie, ambako hubaki karibu kilomita 25 za barabara. Kwa watu wanne, ushauri wangu ni kukodi gari moja na kuchangiana, kwa sababu jioni mtakuwa na mizigo mikubwa, na manyoya ya kondoo mmoja hujaza mfuko mzima.

Kuhusu malazi, vyumba vya mjini Rhinebeck huchukuliwa miezi mingi kabla. Tafuteni Kingston, mji ulio ng'ambo ya mto, unaofikika kwa daraja bila shida. Asubuhi ya Jumamosi ondokeni mapema sana, kwa sababu barabara namba 9 inayopita mbele ya viwanja hujaa magari, na mtu anayechelewa huweza kutumia muda mrefu akiwa ameketi garini huku akiliona lango kwa mbali. Vaeni mavazi ya kupunguza na kuongeza. Alfajiri kuna baridi kali na adhuhuri jua huwaka. Kama una sweta uliyoifuma mwenyewe, ivae hiyo, kwa maana wafumaji wengi huanza kufuma sweta mpya tangu kiangazi ili waivae Rhinebeck, na ni desturi nzuri inayowafanya watu wasiojuana waulizane kwa adabu kuhusu uzi, mtindo na mishono.

Mjukuu wa Molo amejibu:

Dada Mfumaji, nimesoma swali lako la pili kwa furaha kubwa, kwa kuwa babu yangu alifuga kondoo wa aina ya Corriedale na Merino kule Molo, na mambo haya nimeyaona tangu nikiwa mdogo. Naomba nilijibu kwa kirefu.

Kabla ya kununua chochote, nendeni kwanza kwenye mabanda ya kondoo. Watu wengi hukimbilia meza za uzi uliotiwa rangi, na hiyo ni haki yao, lakini anayetaka kusokota hana budi kumwona mnyama aliyetoa sufu hiyo na kuzungumza na aliyemlisha. Mfugaji atakueleza alichokula kondoo, kama aliugua mwaka huo, na kama alivishwa koti ya kitambaa ili manyasi yasinase mgongoni. Maelezo hayo yana faida kuliko maandishi yoyote ya kwenye lebo. Kwa Merino, unene wa unywele mmoja huwa chini ya maikroni 24 (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), ndiyo maana sufu yake huvaliwa hata shingoni bila kuwasha. Kondoo aina ya Romney huzidi maikroni 30, na sufu yake inafaa zaidi kwa makoti na mazulia. Corriedale, ambaye alizalishwa kwa kuchanganya Merino na Lincoln, yuko katikati, nami humpendekeza kwa kila anayeanza kusokota, kwa sababu sufu yake ni ndefu ya kutosha kushikika na haitelezi kupita kiasi.

Sasa njoo kwenye mauzo ya manyoya mabichi. Foleni huanza mapema Jumamosi, na yaliyo bora huondoka mwanzoni. Kila furushi huwa limefungwa likiwa manyoya ya kondoo mmoja mzima. Omba ruhusa, kisha chomoa shungi moja jembamba, lishike ncha zote mbili, lisogeze karibu na sikio na ulivute kwa mkupuo. Sufu yenye afya hutoa mlio mmoja mkavu na hubaki nzima. Ukisikia mchakacho wa nyuzi zinazokatika, ujue kwamba kondoo huyo aliugua au alikosa chakula wakati fulani, na mahali hapo nywele zilidhoofika. Uzi wake utakatika hivyo hivyo mkononi mwako. Halafu lifunue shungi uone kama lina mavumbi, mbegu za majani au ncha zilizoganda, na chunguza pia kama mfugaji ameondoa sehemu chafu za tumboni na mapajani, kwa sababu bei hupangwa kwa ratili na hupaswi kulipia samadi.

Usishtuke mikono ikibaki na mafuta. Hiyo ni lanolini, mafuta ya kondoo mwenyewe, na inaonyesha kwamba sufu haijaoshwa. Kumbuka tu kwamba Merino huweza kupoteza karibu nusu ya uzito wake ikioshwa, kwa hiyo bei nafuu ya sufu mbichi si nafuu kama inavyoonekana.

Rafiki yako wa Monduli mwambie awaulize wafugaji kuhusu minyoo. Kondoo mwekundu wa Kimaasai hana sufu ya kusokota, ana nywele fupi tu, lakini anasifika duniani kwa kustahimili minyoo ya tumbo ambayo huwaua kondoo wengi wa sufu. Nimeona wafugaji wa Marekani wakimsikiliza kwa makini mtu anayewajua kondoo hao kwa kuishi nao, na mazungumzo kama hayo huwa na faida kwa pande zote mbili.

Mama wa Yonkers amejibu:

Kuhusu wale wawili wasiofuma, waache waje siku zote mbili. Sisi huenda na watoto, na hawajawahi kulalamika. Kuna mbwa wa kuchunga wanaoongoza kondoo kwa mluzi wa bwana wao, kuna lama, wanyama wa jamii ya ngamia, wanaorushwa viunzi, na kuna mbuzi na sungura wa Angora, ambao watu huwachanganya: mbuzi ndiye hutoa mohea, na sungura ndiye hutoa sufu inayoitwa angora. Pia huwa na mashindano ambayo kikundi huanza na manyoya mabichi, kikasokota, kikatandika mtande, yaani nyuzi za urefu, na kufuma shali kamili mbele ya watazamaji. Hata asiyejua kushika sindano huganda hapo.

Kwa upande wa chakula, nyama ya kondoo huuzwa kwa wingi, lakini kwa sisi Waislamu ni lazima kuuliza uchinjaji, na mara nyingi muuzaji mwenyewe hana jibu. Sisi hubeba chapati, mayai na chai ya chupa, kisha hununua donati za maji ya tufaha zikiwa moto.

Mfumaji wa Jersey City amejibu:

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Tumekubaliana kukodi gari, kulala Kingston, na asubuhi ya Jumamosi mimi na rafiki wa Monduli tutaanza na mabanda huku wenzetu wakienda kwa mbwa. Sijaelewa jambo moja tu: nikinunua Corriedale mbichi, nitaiosha vipi katika nyumba ndogo isiyo na uwanja?

Mjukuu wa Molo amejibu:

Inawezekana kabisa. Osha kidogo kidogo, gramu mia mbili au tatu kwa wakati, zikiwa ndani ya mfuko wa wavu. Jaza karai maji ya moto ya nyuzijoto 60 hivi za Selsiasi, tia sabuni ya kuoshea vyombo, kisha zamisha mfuko na uuache utulie. Usisugue, usikoroge na usifungulie maji ya bomba juu yake, kwa sababu joto likikutana na msukosuko, sufu hushikana ikawa kama blanketi na hutaweza kuisokota tena. Itoe kabla maji hayajapoa, la sivyo mafuta yaliyoyeyuka yatarudi kuganda kwenye nywele, na maji ya kusuuzia yawe na joto lile lile. Rudia hadi maji yatoke safi, kamua kwa kuifunga ndani ya taulo, kisha itandaze juu ya wavu mahali penye hewa.

Jambo la mwisho ni nondo, wadudu ambao huja na sufu mbichi bila kuonekana. Usiiweke kabatini pamoja na masweta yako kabla ya kuiosha. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki peke yake, na uioshe ndani ya wiki ile ile mliyorudi.