Mdogo wangu yuko Hamburg, kila akipiga simu ni kilio, tumshauri nini?

Wakuu habari za saizi, naandika toka Mwanga hapa Kigoma. Mdogo wangu wa kike kaenda Ujerumani kusomea unesi na simu zake zote zinaishia kwenye kilio. Anasema anapishana na majirani kwenye ngazi hakuna wa kumuuliza umeamkaje, jumapili kagongelea msumari atundike kalenda mara mlango unabishwa aache kelele, na dagaa tulizomtumia anakaanga madirisha wazi na baridi yote ile maana anaogopa kusemwa harufu. Sisi kwetu ukipita mtu bila salamu mama anakurudisha ukasalimie, kwa iyo namuelewa kabisa. Mama anataka arudi, mi roho inasita. Mliokaa kule nisaidieni.

Kibirizi_Mwamba: Pole mkuu. Nimeishi Bremen. Ya msumari hawajamchukia, jumapili kule ni mapumziko kisheria, maduka karibu yote yanafungwa, na kila siku kuanzia saa 4 usiku mpaka saa 12 asubuhi hawataki makelele. Jirani akishakwambia usoni basi yameisha, hana kinyongo. Urafiki wao hauanzii kwenye ngazi, wana vyama vya kila kitu, kwaya, mpira, bustani, watu wanakutana kila wiki mwaka mzima, ajiunge kimoja asikose kose, taratibu wataanza kumualika nyumbani. Na akialikwa saa 10 afike saa 10 kweli.

MamaUjiji: Mwanangu, mwezi wa 12 huko jua linazama saa 10 jioni, mtoto wa ziwani lazima anyong'onyee. Atoke nje mchana, na akiona hali chakula wala halali usingizi vizuri amuone daktari mapema. Halafu siku yake ya kuzaliwa yeye ndo anapeleka keki kazini, asikae kusubiri kuletewa akaona wamemtenga.

Reli_ya_Kati: Awapigie stori ya Liemba hao wazee anaowahudumia! Meli imetengenezwa kwao Papenburg 1913, ikaja kwa masanduku ikaunganishiwa Kigoma. Ila na nyie huku msimpigie simu za arudi arudi na shida za hela tupu, mpeni umbea wa mtaani acheke.

Mleta uzi: Asanteni sana jamani. Jioni naongea na mama. Hiyo ya kwaya namwambia saivi, kanisani alikuwa anaimba sauti ya pili. Kuna anayejua ibada ya Kiswahili pale Hamburg?